Kamba za Nyamoita

Asubuhi ile Nyamoita alikoroga uji wa wimbi, akampa mumewe Omwenga kikombe, akamwambia sufuria imetoboka. Omwenga akasema ataipeleka kwa fundi huko Nyaramba siku ya soko. Basi. Watu waliozeeka pamoja hawana mengi ya kusemezana asubuhi. Mchana Nyamoita akaanguka mtoni, na siku ya soko ilipofika alikuwa ameshazikwa.

Waliokuja matanga walimsifu kwa sala na ukarimu. Omwenga alikuwa akikumbuka kamba.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita. Bwana shamba alisema lori la miche ya chai litakuja Alhamisi, na shamba ambalo mashimo yake hayakunyooka litapitwa. Miche itapewa jirani. Wao walikuwa wameng'oa wimbi wote kupisha chai. Wakipitwa, watakula nini?

Nyamoita hakupima shamba zima. Alipima kingo tu. Alisokota kamba mbili za katani, akazifunga mafundo yenye nafasi sawa. Moja ikalala ubavuni, kufuata mteremko, kisha ubavu wa pili. Nyingine ikakingama juu, wakapiga vigingi kwenye mafundo, kisha ikahamishwa chini ipigiwe vigingi vyake. Kigingi kwa kigingi wakavuta nyuzi za mgomba, huku na huku, na kila zilipokutana palikuwa shimo.

"Fundo la nne juu, la saba ubavuni!" Nyamoita anaita. Omwenga anapiga jembe hapo. Kina kilipimwa kwa kijiti kimoja, shimo baada ya shimo.

Kosa likaja na umande. Kamba ya juu ililala nje usiku, ikalowa. Katani ikilowa hufupika. Asubuhi wakaitandaza ukingo wa chini bila kufikiri, wakachimba siku mbili. Jumanne jioni, mistari yote ilikuwa imebanana huko chini kama vidole vinavyomega ugali.

Machogu, jirani yao, akacheka toka ng'ambo ya ua. "Omwenga! Hiyo ni chai ama ni mkia wa ng'ombe?"

"Nenda ukalale, Machogu!"

Omwenga akamgeukia mkewe. "Tuache hivyo. Bwana shamba ana viatu vizuri, hatateremka."

"Macho yake yatateremka bila yeye," Nyamoita akasema, akaanza kufukia mashimo.

Kamba ilikaushwa usiku huo juu ya moshi wa jiko, na alfajiri vigingi vya chini vikapigwa upya. Wakachimba upya nusu yote ya chini, Jumatano kutwa, mvua ikiwapiga. Alhamisi lori lilishusha miche kwao.

Lakini Jumanne ile Omwenga hakujua litashusha. Alitupa jembe, akaketi matopeni, viganja vimechunika.

"Nimechoka, Mama Nyasani. Nimechoka kabisa."

Nyamoita hakumpa pole. Alimtupia ncha ya kamba ya chini waing'oe wakaikaushe, akasema:

"Utachoka kesho kutwa, Baba Nyasani. Leo vuta."