Kuku Niliyoachilia Kileleshwa

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu, na hapa Kinoo majirani wanadhani mzee ameanza kupotea akili. Ilikuwa trip yetu ya Form Four. Nasikia darasa yenu pia mnakuja Nairobi, basi kaa na simu hapo kidogo nikupigie hii stori kabla upande basi. Mimi si mwalimu. Masomo yangu iliishia njiani, wenzangu walifanya mtihani wa mwisho nikiwa shambani napalilia mahindi, na hesabu ya kugawanya mpaka leo naiogopa kama mbwa ya jirani. Lakini kuna kitu moja nilitoka nayo kwa hiyo trip, na hiyo ndio nataka nikuachie.

Kwetu Western siku hizo, ikijulikana unaenda Nairobi, wewe si mtu tena. Wewe ni lori. Kila mama ako na mtoto Nairobi, na kila mtoto lazima apelekewe kitu: unga ya wimbi, ndizi, mtungi wa maziwa lala. Mwalimu Andayi, mwenye alikuwa anatupeleka, akakataa zote. Akasema basi ni ya wanafunzi, si soko. Alikuwa mtu mkali, ukisikia viatu vyake tu unaanza kusoma hata kama kitabu iko juu chini.

Halafu Kukhu akafika. Kukhu ndiye nyanya yangu, mama ya baba. Alitembea mpaka staffroom na kuku chini ya kwapa, akasimama kwa mlango. Alisimama tu. Mwalimu Andayi, mwenye hakuwa anaogopa mtu, akaanza kupangusa jasho. Kuku ikapata ruhusa.

Ilikuwa ya Anko Jafeth, kitinda mimba wa Kukhu. Mara ya mwisho alikuja nyumbani na miwani nyeusi, akatuambia ako na ghorofa yake Kileleshwa, mtaa wa wenye pesa Nairobi, na wapangaji wanamwita "mzee". Tangu hapo kimya. Krismasi inaisha, ingine inakuja, Kukhu anaangalia barabara.

"Utampea mkononi," Kukhu aliniambia. "Si kwa mlango, si mtu amshikie. Mkononi mwake. Umwambie nataka kuona uso wake Disemba. Asikuje na kitu. Na uniletee neno lake."

Basi tukaenda. Mwanangu, nisikudanganye ati nilijifunza mengi mjini. Nilipanda lifti mara ya kwanza nikasalimia kila mtu aliyeingia kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka mama mmoja akashuka kabla ya floor yake. Usiku tulikuwa tunalala kwa darasa za shule fulani hapo Ngara, na kuku ikataga yai ndani ya sweta ya Wesonga. Wesonga alikuwa na mdomo. Kila darasa iko na mmoja.

"Mwambie anko wako hiyo yai ni yangu," akasema. "Sweta yangu ndio imezaa."

Mimi nilikuwa nabeba hiyo kuku kama mtoto mchanga. Kwa jengo refu katikati ya town nilienda nayo. Askari wa hapo aliniuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni mwanafunzi. Haikuwahi kunitoka mkononi. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Siku ya kurudi nyumbani, tukielekea Waiyaki Way, basi ikapinda Kileleshwa kama Mwalimu alivyomuahidi Kukhu. Nilikuwa nimeambiwa ni ghorofa ya rangi ya maziwa, na geti nyeusi. Tukaipata. Darasa nzima wamejaza madirisha wanataka kuona landilodi.

Mwalimu akashuka na mimi, akapiga hodi. Geti ikafunguliwa na soja wa kulinda. Koti kubwa ya grey, kofia, rungu. Nikainua macho nikaona masikio.

Mwanangu, masikio ya kwetu huwezi kukosea. Hata mimi niko nayo, unaweza kuanikia nguo. Alikuwa Anko Jafeth.

"Mnatafuta nani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Tunamtafuta Bwana Jafeth," Mwalimu akasema. "Mwenye nyumba. Huyu ni kijana ya ndugu yake."

Soja aliangalia basi, akaona zile sura zote za kutoka nyumbani, vijana ya kila kijiji karibu na yetu. Halafu akaniangalia mimi. Macho yake ilikuwa inaniomba.

"Mzee ametoka," akasema. "Ako safari. Lakini mnaweza kuniachia huo mzigo."

"Boss, chunga koti," Wesonga akapiga kelele kutoka kwa dirisha. "Hiyo kuku haina heshima ya uniform."

Wakacheka. Soja pia akajaribu kucheka, na hiyo ndio ilinimaliza.

Sasa nifanye nini? Nikisema "Anko", basi nzima itajua, na kabla tufike Kakamega hiyo stori itakuwa imetutangulia, na huyu mtu hatawahi kukanyaga nyumbani tena. Nikimwachia kuku kama unavyomwachia soja mkate ya mwenye nyumba, niende, Kukhu ataniuliza alisema nini. Nitasema nini? Atarudi kuangalia barabara. Na hakuwa mama ya kuangalia barabara miaka mingine mingi.

Mimi si mtu wa akili nyingi, nimeshakuambia. Lakini kucheza kama mjinga, hiyo nilikuwa nayo ya kutosha. Nikaachilia kuku.

Ilipita katikati ya miguu ya Mwalimu, ikaingia ndani ya compound, chini ya gari, ikatokea upande wa pili, ikaelekea nyuma kwenye kamba za nguo. Nikaikimbiza na mikono juu kama mtu anafukuza nyuki. Hapo nyuma mama wa kufua alikuwa ameweka beseni yake. Sikuiruka. Kusema ukweli niliiona kutoka mbali, na nikaamua pia hiyo niingie. Niliingia na miguu mbili, nikakaa ndani, povu ikanifika shingoni.

"Wewe kijana," yule mama akasema pole pole, "hiyo ilikuwa maji ya mwisho. Leo mfereji haina."

Basi ilikuwa inatingika kwa kicheko. Soja alitupita mbio, akafuata kuku mpaka nyuma ya tangi ya maji, na nikasikia anaiita, krrr krrr krrr, vile tunaita kwetu jioni. Kuku ikasimama. Nikatoka kwa beseni nikaenda nyuma ya tangi, na hapo hakuna mtu alikuwa anatuona.

"Mama ako aje?" akauliza.

"Anataka kuona uso wako Disemba. Alisema usikuje na kitu."

"Wewe umeona vile niko. Na hao wote kwa basi?"

"Anko, angalia mimi," nikamwambia. Maji ilikuwa inatoka mpaka kwa viatu. "Unadhani hao wataongea juu yako?"

Alinitazama toka kichwa mpaka chini, halafu akacheka, kicheko ya nyumbani yenyewe. Nikachukua kuku, nikampea vile nilitumwa. Aliipokea na mikono mbili, akainamisha kichwa kidogo kama Kukhu ndiye alikuwa amesimama hapo.

"Mwambie," akasema. Akaangalia kuku. "Mwambie nimeipokea na mikono mbili."

Nikarudi kwa basi natiririka. Wakaniita Sabuni kabla nikae. Sasa unajua kwa nini hata hapa Kinoo, mahali hakuna mtu alikuwa kwa hiyo basi, wananiita Mzee Sabuni; jina iliniandama mpaka huku. Soja wa Kileleshwa hakuna mtu alimtaja, hata Wesonga. Ni Mwalimu Andayi tu ndiye alishuku kitu. Tulipofika juu huko Limuru aliniangalia muda mrefu.

"Safari yote hiyo kuku haijawahi kukutoka mkononi," akasema. Akatoa koti yake, akanifunika, akafunga macho.

Kukhu nilimpea neno lake. Hakuuliza ingine. Alianza kupaka nyumba udongo ingawa Disemba ilikuwa bado mbali.

Na Anko akakuja. Alishuka kwa barabara amevaa ile koti ya grey, hakuificha. Mtu akimuuliza anajibu, "Nachunga geti Kileleshwa." Basi. Watu wakashika hiyo, maisha ikaendelea. Kuku ingine ikachinjwa. Sasa wewe mtoto wa siku hizi hujui firigisi kwetu ni ya nani. Ni ya mwanaume mwenye heshima kwa hiyo meza, kijana haikaribii, hata kuiangalia sana ni tabia mbaya. Kukhu akaiweka kwa sahani ya Jafeth. Jafeth akachukua kisu, akaikata mara mbili, akaweka nusu kwa yangu.

Wazee wakaangaliana. Mmoja akauliza huyu mtoto amefanya nini.

"Huyu alianguka badala yangu," Anko akasema, na akaendelea kula.

Nimekula vitu vingi, mwanangu, na hata zingine kwa hoteli yenye vitambaa. Hiyo nusu firigisi haijapata mwenzake.

Kwa hivyo ukikuja trip, piga picha ya majengo yote, piga na twiga, panda lifti ukitaka usalimie watu, ni sawa. Lakini utakutana na mtu wa kwenu mahali hakutarajia kuonwa. Ako na beseni, ako na rungu, anasukuma mkokoteni hapo Ngara. Utamjua kwa masikio. Siku hiyo simu ikae mfukoni. Usimwite kwa sauti kubwa, na usijifanye humjui. Tafuta nyuma ya tangi. Na kama kuna watu lazima wacheke, wacha wakucheke wewe, wewe bado mdogo, utakauka. Mimi nilikauka.

Mungu akupeleke na akurudishe. Afungue kila geti utabisha. Na siku wewe ndiye utakuwa umevaa hiyo koti, akutumie kijana mwenye masikio kama yako, na kuku mkononi, na akili ya kuiachilia.