Kandambili Ndani ya Injini

Wifi yake Fundi kila akipiga simu huanza na maneno yale yale: "Wifi, nyinyi mnakula raha bwana!" Na kila akiyasikia maneno hayo, Fundi huwa ana mkono ndani ya kitu kichafu. Mara ya mwisho ulikuwa ndani ya pampu ya choo. Mume wake huwatumia ndugu picha za maji ya kijani na mchanga mweupe, na ndugu hawana kosa, wanaamini wanachokiona. Hakuna aliyewahi kutumiwa picha ya choo cha mashua kilichoziba, wala ya godoro lililolowa kwa sababu dirisha la juu linavuja, wala ya mwanamke mtu mzima akikaanga kitunguu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeng'ang'ania ukuta.

Jina la Fundi alilipata nchi kavu. Alikuwa na duka la ushonaji kwenye barabara ya nyuma ya benki, chumba kimoja chenye mlango wa chuma wa kukunja, vyerehani vitatu, na meza ya kukatia iliyosuguliwa pembeni na viwiko vya wateja. Alishona sare za shule. Mume wake alikuwa fundi majokofu hospitalini, mtu asiyeshindwa na mashine, na ambaye hakuacha mtu yeyote asahau hilo. Siku alipostaafu alirudi nyumbani akicheka peke yake mlangoni: amenunua mashua ya tanga kutoka kwa mgeni mmoja aliyechoshwa nayo. Fundi angejiuliza mgeni yule alichoshwa na nini. Hakujiuliza. Alimpenda mumewe, binti yao wa pekee alikuwa ameshaolewa, na visiwa kwenye ramani vilikaa karibu karibu, akadhani ni kama kutoka chumbani kwenda sebuleni. Akauza vyerehani viwili, na kile cha tatu, kizito, cha kushonea turubai, akakibeba.

Tangu hapo mume wake anaitwa Nahodha, na wanatoka kisiwa hadi kisiwa. Wana chumba kimoja chenye urefu wa kulala watu wawili wasiogombana. Chini ya kitanda kuna betri na madumu, kwa hiyo mtu akitaka dumu lazima kitanda kivunjwe. Meza ya kulia ndiyo meza ya cherehani, ndiyo meza ya ramani, na ndipo anapowekwa mgonjwa. Wazee walisema mvumilivu hula mbivu. Fundi amevumilia hadi leo, na mbivu yenyewe bado hajaionja.

Watu wa mashua wana desturi zao. Asubuhi, kila mtu akiwa na kikombe mkononi, wote waliotia nanga ghuba moja huwasha redio na kuongea kwa zamu: nani ana habari za upepo, nani kapungukiwa na nini, nani anacho cha kumpa. Baraza hilo ndilo lililompa Nahodha jina. Betri ya mtu ikifa, yeye anajua kwa nini. Injini ikikohoa ng'ambo ya pili, yeye anajua dawa. Na kwenye baraza hilo hilo humgawa mke wake bila kumwuliza. "Tanga limechanika? Lete, mke wangu atalishona." Chai haijapoa, lundo la turubai la watu liko mezani. Tanga lao wenyewe lina kiraka juu ya kiraka. Kinyozi hajinyoi.

Desturi nyingine ni ya kutotaja siku. Mtu wa tanga atakwambia anakokwenda, lakini ukimwuliza atafika lini, jibu ni moja: upepo ukikubali. Mwanzoni Fundi aliona ni hekima. Siku hizi akiyasikia maneno hayo hutafuta kitu cha kurusha.

Ila mwaka huu siku ilikuwepo. Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza, naye alisema bila kuzunguka: "Mama, kwenye chumba cha kujifungulia sitaki mtu mwingine. Nakutaka wewe." Fundi akaahidi. Nahodha naye akaahidi kwa mdomo wake mwenyewe kwamba watafika mapema kwenye kisiwa kikubwa, kule binti anakoishi, ambako kutoka bandarini hadi kwake ni mwendo wa basi tu.

Walikuwa karibu kufika injini ilipogoma. Waliingia ghuba ndogo kupumzika, na asubuhi ya kuondoka injini ikawaka, ikapata homa, ikazimika. Kilichokufa ni kipanga cha pampu, kile kigurudumu cha mpira chenye meno kinachosukuma maji ya kuipoza, kitu cha kutosha kiganjani. Meno yake yote yalikuwa yamekatika. Kutoka ghuba ile kulikuwa na mlango mmoja mwembamba kati ya miamba, na upepo ulikuwa ukiingilia mlango huo huo. Bila injini hutoki. Duka la vifaa pale kijijini liliuza misumari, ndoo na gundi, na mwenye duka alipooneshwa kile kipanga aliuliza kama ni cha kuchezea watoto.

Kila mashua yenye akili hubeba cha akiba. Yao haikuwa nacho, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Kwani haukupita muda mrefu tangu jirani yao mmoja, mzee anayesafiri peke yake na paka, aombe kipanga kama hicho hicho redioni, kwenye kisiwa kingine. Nahodha alimcheka mbele ya ghuba nzima. "Mzee wa Paka," alisema, "kusafiri bila akiba ya pampu ni sawa na kuoga bila maji." Watu walicheka, na msemo ule ukazunguka. Sasa Mzee wa Paka alikuwa ametia nanga pale pale, kiasi cha kuonekana akianika soksi zake, na Nahodha hakuwa tayari kufungua mdomo.

"Omba redioni," Fundi alimwambia siku ya kwanza.

"Nitatengeneza mwenyewe. Mpira ni mpira tu."

Akachukua kandambili, akakata soli kwa kisu, akachonga kipanga. Kandambili yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya mkewe. Injini iliwaka, maji yakatoka, Nahodha akapiga kofi, na kabla hajamaliza kujisifu maji yakakauka na harufu ya mpira ulioungua ikajaa chumbani. Kesho yake akakata ya mguu wa pili.

Kwa hiyo Fundi alipanda kilima peku. Simu haikushika mtandao ghubani, ilishika kule juu tu, nyuma ya duka, na njia ilikuwa ya kokoto.

"Mama, mko wapi?"

"Tuko njiani, mwanangu."

"Kila siku mko njiani. Mama mkwe ameshakuja, na mabegi yake. Ananipangia kabati."

"Usimruhusu aingie na wewe. Mimi nakuja."

"Lini?"

Fundi alifungua mdomo, akasikia lile neno la mumewe la upepo linataka kutoka, akaufunga. Alishuka kilima akiwa na hasira iliyomfanya asahau kokoto.

Angeweza kuomba mwenyewe. Redio ilikuwa ukutani, karibu na sufuria. Lakini katika ndoa yao yote hakuwahi kumvua mumewe nguo mbele za watu, na aibu ya mume huwa haiishii kwa mume. Akangoja aombe yeye. Akamwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamnunia. Jibu likawa kesho, na kesho yake tena kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia zaidi lilikuwa la binti yake.

Asubuhi uvumilivu ulipomshinda, baada ya baraza la redio kwisha, Fundi alikuwa anashona tanga la watu fulani wenye mashua ya buluu. Turubai lilijaa meza nzima, likapanda ukutani hadi kwenye redio. Nahodha alitokeza kichwa kwenye shimo la injini, ana grisi hadi kwenye nyusi.

"Hiki kitashika," akasema. "Nimetumia mpira mgumu zaidi."

"Mpira wa wapi?"

 Fundi akachungulia shimoni, akaona mumewe yuko peku: safari hii amekata kandambili za kwake.

Akaachia gurudumu la cherehani. "Leo utaomba."

"Nimesema hiki kitashika."

"Nahodha! Nahodha wa nini wewe? Unamcheka Mzee wa Paka mbele za watu, kumbe na wewe akiba huna! Nyani haoni kundule! Mwanangu anajifungua wakati wowote, na mimi nipo hapa nashona matanga ya watu nisiowajua, nazibua choo kwa mkono, nalala kwenye godoro la dizeli na mwanamume anayekoroma kuliko injini. Bora ungekuwa wewe ndiyo injini, tungeshatoka!"

"Punguza sauti. Watu watasikia."

"Watasikiaje? Wako ng'ambo ya maji! Na wakisikia wasikie! Kandambili, mume wangu! Unataka kunipeleka kwa mwanangu kwa kandambili!"

Nahodha akapanda kutoka shimoni, akakaa kwenye ngazi. Kisu kilikuwa bado mkononi, na alikitazama kama hakumbuki kazi yake.

"Si aibu peke yake," akasema polepole.

"Ni nini basi?"

"Tukifika, utashuka. Utambeba mjukuu, na mashua hii hutaipanda tena. Nakujua. Tukipita karibu na pwani huwa unaangalia nyumba za watu, unahesabu madirisha."

"Kwa hiyo unanichelewesha makusudi?"

"Sijui." Akafikiri. "Labda."

Angekataa, Fundi angempiga kwa mkasi na yangekwisha. Angesema ndiyo, angelia. Lakini lile labda lilimwingia vibaya, kwa sababu lilikuwa kweli tupu, na mtu hana pa kulishika. Alivuta turubai lote kwa mikono miwili alitupe chini. Ndani yake kikadondoka kipaza sauti cha redio, kile cha kushika mkononi, ambacho kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye ndoano yake na kubanwa na mikunjo, kitufe cha kusemea kikiwa kimebonyezwa muda wote huo.

Redio ikakwaruza. Sauti ya mwanamke wa mashua ya buluu ikatoka, ya adabu sana.

"Fundi, Nahodha, samahanini. Kitufe chenu kilikwama. Tumesikia."

Redio ikakwaruza tena.

"Tangu kwenye nyani," akamalizia.

Hawakuwa wamemaliza kutazamana Mzee wa Paka alipofika akipiga makasia, paka kakaa mbele anatazama samaki. Hakupanda. Alinyoosha mkono na kumpa Nahodha kikopo kidogo cha bati, na ndani yake kulikuwa na vipanga viwili, vipya, bado vina unga wake mweupe.

"Tangu siku ile uliponicheka nilinunua vingi," akasema. "Chukua vyote viwili. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekupa siku ya kwanza."

Hakucheka. Heri angecheka. Nahodha aliyasema maneno ya shukrani mara nyingi mno, kisha akaingia shimoni kufunga skrubu. Kazi iliisha chai ikiwa bado ya moto. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Fundi hakutaja methali wala neno lolote. Alilikunja tanga la watu wa mashua ya buluu, akalirudisha, kisha akang'oa nanga mwenyewe.

Walisafiri usiku na mchana bila kuzungumza zaidi ya kulazimika. Kamata. Achia. Kula. Nahodha hakulala zamu zake wala zamu za mkewe, alishika usukani na kuikaza mashua kwenye upepo namna ambayo hajawahi kuikaza, hadi kiraka cha juu cha tanga kikaanza kuachia. Alikuwa anakimbia, masikini, na alikuwa anajua anakimbilia nini. Hata hasira ya Fundi ililiona hilo, ila haikupoa.

Majengo ya bandari yalipoanza kuonekana, simu ikashika mtandao. Ilitetemeka mezani kwa muda, ujumbe juu ya ujumbe. Fundi akafungua wa mwisho. Ilikuwa picha. Mama mkwe wa binti, kanga mabegani, anacheka meno yote, amembeba mtoto aliyefungwa hadi kidevuni. Chini yake binti alikuwa ameandika jana mchana: "Ni wa kike. Nilikuita, mama. Nilikuita sana."

Alisoma mara moja tu.

"Wazima?" Nahodha aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Wazima. Wote."

"Mungu mkubwa." Akafuta uso kwa kiwiko. "Mungu mkubwa."

Wakatia nanga nje ya gati. Fundi alivaa viatu vya mjini, vilivyoota ukungu kwenye visigino, akafunga begi moja. Kisha akachukua spana ya mumewe, akalala chali chini ya meza, na kufungua boliti nne zilizoshikilia cherehani.

Nahodha alisimama mlangoni akimtazama. "Unakwenda kumwona mtoto. Cherehani cha nini?"

"Watoto huvaa nguo."

Nahodha akaingia ndani. Akamsaidia kukiteremsha kwenye kiboti, kila mmoja kashika upande wake, kama walivyokipakia siku ile ya kwanza. Akapiga makasia. Mpiga makasia hukaa na mgongo kule aendako, kwa hiyo yeye aliitazama mashua muda wote, na Fundi, aliyekaa mbele yake, aliutazama mji. Kulikuwa na nyumba nyingi. Madirisha mengine yalikuwa wazi, na nyuma ya dirisha moja mtu alikuwa anakung'uta shuka.

Kwenye ngazi za gati Nahodha alikibeba cherehani peke yake, akakiweka juu pakavu, akashuka tena kushika kamba ya kiboti. Alikuwa peku, na mawe yalikuwa ya moto, akawa anabadilisha miguu.

"Nitakaa hapa hapa," akasema. "Siondoki. Nitalishona hilo tanga mwenyewe." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijua jibu: "Utarudi lini?"

Fundi alimtazama yule mwanamume aliyeyaponya majokofu yote ya hospitali.

"Upepo ukikubali," akasema, akageuka kumwita mtu wa mkokoteni.