Shamba Moja Lililozaa Matatu

Shangazi yangu wa Kawe ndiye aliyeniambia kwanza: Serikali inawapa majembe bure wenye mashamba safi ya mihogo. Jembe lake lilikuwa limelika hadi kubaki kipande, nikamsindikiza kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Kumbe wazee watatu wa barazani walikwisha kumwonyesha Bwana Shamba shamba la shangazi, mmoja akimpitisha njia ya kisimani, wa pili ya makaburini, wa tatu ya ufukoni, kila mmoja akisema ni lake.

“Mama, mashamba matatu ya huku nimeyaona, na yote yana wenyewe,” Bwana Shamba alimwambia.

“Ni moja, Bwana. Ni langu.”

Jumbe akajipepea kwa kofia. “Tamaa mbaya, mama.”

Ardhi yetu ina rutuba kweli. Asubuhi yake nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda shambani kwa shangazi kumsaidia kuwapalilia wazee mihogo yao.