Lori la Mlola Ufukweni Tanga

Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa pale Mlola aliponiomba niongoze msafara wa kwenda ufukweni Tanga, ilinipasa kukataa. Nilikuwa katibu, mtu wa kuandika kumbukumbu za mikutano, na bahari nilikuwa nimeiona vitabuni tu. Lakini nilikuwa na cheti cha sekondari, na siku zile mwenye cheti hakuwa na desturi ya kukataa uongozi. Kabichi zetu zilikuwa zimesifiwa wilayani, na wakulima ishirini walipewa siku moja ya mapumziko. Lori la kijiji lilikuwa moja, na kabichi zilizobaki shambani zilikuwa zikilisubiri Jumatatu. Dereva wake alikuwa Hemedi, mume wa dada yangu Mwanaidi.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka. Nilikaa mbele na orodha ya majina. Mwanaidi alikuwa nyuma na wenzake, wote ndani ya masweta, wamezunguka sufuria la makande na jiwe la kuzuia gurudumu. Kwetu gari haliegeshwi bila jiwe.

Lushoto tuliipita ikiwa bado na ukungu. Mombo masweta yalivuliwa. Muheza walinunua machungwa, nami nikawahutubia kidogo juu ya nidhamu ya maganda.

Saa sita kasoro tulifika. Ufuko ule zamani ulikuwa wa Wazungu na wageni wao. Sasa kibao kilisema ni wa umma. Kulikuwa na vyumba vya kubadilishia nguo, bomba la kuogea, choo chenye milango miwili, na juu, chini ya mivinje, uwanja wa magari uliozungushiwa mawe meupe. Mlinzi mzee alitujia.

"Shikamoo, mzee," Hemedi alisema.

"Marahaba, mgosi. Magari huku juu."

Alituita wagosi kama watu wa Tanga wanavyotuita Wasambaa wote. Hemedi akaanza kukata usukani. Mimi nikatazama chini: mchanga mgumu, mpana, umenyooka kama meza. Mlola hata uwanja wa mpira una goli moja juu na jingine bondeni. Sikuwahi kuona pahali pa kuegesha pazuri kama pale.

"Teremsha kule chini," nikasema.

"Shemeji, mzee amesema huku."

"Huku waliegesha wakoloni. Umma ni sisi. Teremsha."

"Maji yatapanda hayo, ndugu kiongozi," mlinzi akasema.

Mama Amina, msimamizi wa mifereji yetu ya kumwagilia, alicheka kutoka nyuma. "Baba, mimi nimechimba mifereji tangu nikiwa mwali. Maji nimeyaona yakishuka tu. Yapande, yana miguu?"

Lori zima likacheka. Nami nikacheka, ingawa shuleni niliwahi kuchora mwezi, dunia na mishale ya maji kupwa na kujaa, nikapata tisa kwa kumi. Sikudhani ule mchoro unahusu kitu chochote.

Hemedi akateremsha. Wakashusha jiwe, wakaliweka nyuma ya gurudumu.

"Jiwe la nini tena?" mlinzi akauliza.

"Lori lisiteremke."

"Literemke liende wapi?" Akarudi kivulini.

Mchana ulikuwa wa raha. Wanawake walipanga foleni bombani. Mwanaidi alionja bahari, akatema. "Nani kaweka chumvi yote hii bila nyama?" Mimi nilitoa hotuba juu ya usawa mbele ya mlango wa choo, maana ndipo palipokuwa na kivuli na watu wanaosubiri.

Saa tisa Hemedi alikuja akikimbia. "Shemeji, maji yamefika kwenye tairi. Niruhusu nilipandishe."

"Ngoja nimalize."

Nilipomaliza, magurudumu yalikuwa yamezama mchangani. Tulisukuma wote. Mwanaidi alikuwa majini hadi kifuani, bega kwenye bodi, akimpigia mumewe kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" Injini ikakohoa, ikanyamaza. Jua lilipotua tuliona paa la kabini tu.

Jumapili lori lilivutwa na trekta likiwa limejaa mchanga. Injini haikupona. Tulirudi kwa basi mpaka Lushoto, kisha kwa miguu. Kabichi ziliozea shambani.

Jumatano kijiji kilikutana. Wakubwa walitaka taarifa yenye jina la mkosaji, na mwenye kalamu nilikuwa mimi. Niliandika: "Dereva aliegesha mahali alipokatazwa na mlinzi." Kila neno lilikuwa kweli. Niliisoma kwa sauti. Hemedi alipoulizwa kama ana la kuongeza, alinitazama, akasema, "Katibu ameshasema." Wale ishirini waliangalia miguu yao. Akaachishwa udereva siku ileile.

Jioni Mwanaidi alisimama mlangoni kwangu, akakataa kuingia.

"Kaka, mimi nilikuwa nyuma ya kabini. Nilikusikia ukimwambia ateremshe."

"Dada, haya ni mambo ya ofisi."

"Basi kaa na ofisi yako."

Hakuna aliyenidanganya wala kunilazimisha. Nilijifunza kwamba uongo unaweza kutungwa kwa maneno ya kweli matupu, na kwamba mimi ni hodari wa kuutunga. Niliendelea kuwa katibu, nikasifiwa kwa taarifa zangu. Hemedi alihamia Zirai kulima, na Mwanaidi akaenda naye. Nilimwandikia dada, barua zilirudi hazijafunguliwa. Nilikwenda mara mbili, akajifungia ndani mpaka nikaondoka. Nilikuwa na dada mmoja tu. Hakunisemesha tena mpaka alipokufa, na habari za kifo chake zilinifikia baada ya hitima.