Mdogo Wangu Dhidi ya Ndizi

Mdogo wangu wa kike ni muuguzi katika mji mmoja wa Uingereza, na mwaka ule aligombea ubunge kwa mara ya pili. Hakuwa na chama wala ndoto ya kushinda. Alitaka kitu kimoja tu: kumpita mgombea aliyevaa kama ndizi. Huko mtu anaruhusiwa kugombea kwa mzaha, na katika uchaguzi uliotangulia mzaha ulikuwa umemzidi kura. Wauguzi wenzake walimwekea ndizi mezani wiki nzima. Aliniambia akishindwa na tunda tena, siasa basi.

Mimi nina shahada ya sayansi ya siasa, ndiyo maana nauza nguo Guangzhou, China. Nikaona hatimaye elimu imepata kazi. Nikaenda mtaa wa Kangle, kwenye karakana inayonishonea mizigo yangu, nikaagiza fulana za njano zenye uso wake. Chini ya uso nikaweka jina la mji mzima, ingawa mji una majimbo manne na yeye aligombea moja tu, la kusini.

Nilipomtumia picha alipiga simu papo hapo.

"Kaka, unataka nifungwe?"

Kumbe huko kumpa mpiga kura zawadi ni kosa. Nikajitetea kwamba kwetu kampeni bila fulana na khanga haijaanza.

"Halafu mbona njano? Umenishonea sare ya ndizi."

Fulana hazikusafiri. Laoban, mama mwenye karakana, aliona ni hasara zikae bure, akawagawia mafundi wake.

Asubuhi ya matokeo, Uingereza ikiwa bado usiku, nilikaa karakanani katikati ya cherehani na rafiki yangu mfanyabiashara wa Lubumbashi, tukitazama simu moja. Wagombea wote wa kusini walikuwa wamepangwa jukwaani. Ndizi alisimama ubavuni mwa mdogo wangu, amemzidi urefu kwa sababu ya kikonyo.

"Vieux," rafiki yangu akauliza, akiniita mzee kwa Kifaransa cha kwao, "ile ndizi iko na chama?"

"Haina. Ni mgombea binafsi, kama mdogo wangu."

Akataka kujua kwa nini basi mdogo wangu asihamie jimbo lisilo na ndizi, maana yamebaki matatu. Nikamweleza kwamba wagonjwa wake wanaishi kusini, na nje ya hapo hakuna anayemjua.

Msimamizi alisoma majina kwa mpangilio wa alfabeti. Ndizi akatangulia. Niliandika kura zake kiganjani, maana kwa kiherehere changu ningezisahau. Kisha akasomwa mdogo wangu. Nilitazama kiganja, nikatazama simu, nikatazama kiganja tena. Rafiki yangu alikuwa tayari anacheza.

Mafundi wakasimamisha kazi, wakapiga makofi. Laoban akauliza kama sasa dada huyu ni mbunge. Nikamwambia hapana, mbunge ni yule bwana mwenye suti. Mdogo wangu ni wa nne kati ya watano. Akauliza tunashangilia nini. Nikamwonyesha wa tano. Alimtazama vizuri, akaingia ndani, akatoka na tikiti maji zima.

Mdogo wangu alipiga simu akiwa bado ukumbini. Nilimpongeza, nikamwambia sasa anaweza kustaafu kwa heshima.

"Nistaafu?" alisema. "Kaka, huyu wa tatu hajaniacha mbali."