Kitambaa cha Konokono wa Bahari

Eugénie alikimbia Fizi, Kongo, na watoto wake mwaka 2002, akapewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mahindi yake hayakuwa ya kujivunia. Kilichomlisha ni sindano: alidarizi vitambaa vya viti, akavipeleka mjini Mbarara kwa wake za wanajeshi kwenye kambi ya jeshi.

Mwaka 2012 Naboth, mume wa mteja wake Stellah, alirudi kutoka kulinda amani Mogadishu. Hakuwa mtu wa maneno. Alimwonyesha Eugénie picha kwenye simu, akamwomba adarizi kitu kile: cha buluu, chenye mistari ya manjano, na mgongoni kama ua lililochanua. Eugénie aliitazama sana, akaenda nayo kichwani.

Alirudi na ua zuri lenye shina na majani. Naboth alitabasamu.

“Hiyo si maua, mama. Ni mnyama ya bahari. Kama konokono, lakini haina nyumba.”

Akaeleza kwamba zile Eugénie alizodhani ni petali ndizo mnyama huyo anazopumulia. Alimkuta kwenye kidimbwi miambani, maji yalipokupwa, asubuhi ambayo hakuwa na zamu. Alichuchumaa akimwangalia anavyotambaa, mpaka wenzake wakaja kumtafuta.

Eugénie alikaa palepale barazani, akafumua shina na majani, akaongeza pembe mbili ndogo kichwani. Samaki wa Ziwa Tanganyika aliwajua tangu utoto. Konokono aliyevaa hivyo hakuwahi kumsikia.

Naboth alipokwenda kazini, Stellah alikishika kitambaa kwa ncha za vidole. Alisema hawezi kuweka konokono mahali wageni wanapoegemea. Eugénie aliogopa kazi yake itarudishwa, akamweleza habari ya kidimbwi na ile asubuhi. Stellah akaketi.

“Mimi hajaniambia kitu,” alisema. “Tangu arudi, anasema chakula ni nzuri, basi. Sema tena.”

Eugénie alirudia polepole, bila kuongeza neno.

“Alikuwa anacheka?”

“Hapana. Alikuwa anaangalia chini. Lakini alisema mingi.”

Stellah alikitandika kitambaa juu ya televisheni, akakinyoosha pembe zote.

Mwezi uliofuata Eugénie alipopita, Stellah ndiye aliyesimulia: mchanga wa kule ni mweupe, upepo unaingiza chumvi hadi kwenye chai, na rafiki mmoja wa Naboth alizikwa bila mama yake kuwepo. Eugénie hakuuliza amezipata wapi habari hizo. Alikunywa chai yake, akaondoka mapema, maana mvua ilikuwa inakuja na barabara ya Nakivale ilikuwa mbaya.