Malka ya Mama

Mpima ardhi alipofika shambani kwetu Ngao, alinyoosha kidole kwenye ukanda mtupu kati ya mahindi na migomba, akauliza ni wa nani. "Hiyo ni malka," mama akajibu. Kijana wa watu, mgeni wa bara, akauliza huyo Malka anaishi wapi. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Leo sina hamu ya kucheka.

Malka ni neno la Waorma, wafugaji wa mbugani. Kwao ni mahali ng'ombe wanapoteremka mtoni kunywa maji. Sisi Wapokomo tunaolima ukingoni tulilipokea hivyo hivyo, nalo likawa sheria: ukanda uko ndani ya shamba lako, lakini huupandi wala huufungi. Baba aliuheshimu hadi anaingia kaburini. Kila kiangazi ng'ombe walipita, na nyuma yao alikuja shoga yake mama, mke wa mfugaji, na kibuyu cha maziwa. Alikuwa akiingia moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria, anamtania mama kwamba amepika chakula cha wagonjwa. Akirudi kwake alibeba mahindi na ndizi.

Kaka yangu alimsikia mpima akiulizia maandishi, basi akashikilia kwamba kisichoandikwa hakipo. Akazungusha seng'enge, akapanda mahindi hadi majini. Nilimwambia ana roho mbaya. Akanijibu kwamba nimeolewa Garsen, nishughulike na ya huko.

Kiangazi kilipofika mama alikuwa kitandani, nami nimerudi kumuuguza. Ng'ombe walifika kwenye seng'enge wakageuzwa, na shoga yake mama akageuka nao. Niliwaona kwa mbali. Mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama shoga yake amekuja, na mimi moyo ulikuwa ukinichanika. Alifariki akimngoja.

Siku ya mazishi shoga yake alikuja. Alizunguka kwa barabara kuu, jua la mchana kichwani, akasimama nje ya ua huku waombolezaji wakimpita.

"Hodi," akasema.

Nilimkimbilia. "Mama, ingia! Tangu lini wewe ukawa mgeni hapa?"

"Hapa sasa iko na mlango," akaniambia taratibu. "Mimi nangoja karibu."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akibisha hodi kwetu. Nikamwambia karibu, nikalia kuliko nilivyolia kaburini.